Kadi ya Treni na Mkazi wa Wazo

Mfanyakazi akaaye Wazo, jirani na kile kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966, hana reli mlangoni pake. Akitaka kufika viwandani Barabara ya Nyerere au bandarini Kurasini, hana budi kushuka Mwenge, kupanda tena, kushuka Ubungo au Kariakoo, na kupanda mara ya tatu. Kila apandapo hulipa nauli upya kana kwamba ndiyo kwanza ametoka nyumbani. Huyu ndiye tunayependa kuanza naye leo tukitaka kusema juu ya kutumia kadi janja katika treni za jiji. Wako watakaotuuliza, treni yamhusu nini mtu wa Wazo? Twajibu kwamba kadi isiyomfaa yeye haitamfaa hata yule wa Pugu.

Tarehe 29 Oktoba 2012 ndipo treni za abiria za jijini zilipoanza Dar es Salaam. Moja ilitoka Stesheni, ikapita Kamata, Buguruni na Tabata hadi Ubungo. Nyingine ilikwenda katika njia ya TAZARA hadi Mwakanga, ikiwachukua watu wa Yombo na Kitunda ambao barabara zao zilikuwa matope matupu wakati wa masika. Wananchi waliipa jina la Waziri wa Uchukuzi wa siku zile, Ndugu Harrison Mwakyembe, na jina hilo likashika. Mwaka 2016 reli ya kati ikapata na treni ya Pugu. Hapana shaka kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini abiria aliyeshuka Stesheni na kutaka kuendelea kwa basi alikuwa, kwa hesabu za nauli, mgeni aliyefika mjini dakika ile ile.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, yalikuja na jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, ya mabasi ya mlisho shilingi 400. Lakini aliyetumia yote mawili katika safari moja alilipa 800, si 1,050. Shilingi 250 zilibaki mfukoni mwake. Kwa kwenda na kurudi ni 500, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 13,000 kwa mwezi. Mwenye gari lake atacheka. Mama anayehesabu unga kwa kilo hatacheka. Nauli zimekwisha kupanda tangu siku hizo, lakini kanuni ile ni ya haki: safari ni moja, hata ikiwa vyombo ni viwili.

Basi kanuni hiyo haikuvuka njia ya reli. Shirika la Reli lilikuwa na tiketi zake, mabasi yalikuwa na zake, na kivuko cha Magogoni kikaja na N-Card. Hata kadi ya mwanzo ya mabasi ya mwendokasi haikudumu. Abiria walirudi kwenye foleni ya vikaratasi dirishani, mtu akitoa noti ya elfu moja na kuambiwa asubiri chenji huku basi likiondoka. Baadaye ikaletwa kadi nyingine. Ukizikusanya kadi zote alizopata kuambiwa azinunue mkazi mmoja wa jiji hili, zatosha kuchezea karata.

Watu hudhani kuleta kadi ni kununua mashine tu. Kadi yenyewe ni kitu chepesi: ndani yake mna kichipu na waya mwembamba uliozungushwa, haina betri, na hupata nguvu kutoka kwenye mashine inapokaribishwa. Ugumu uko kwenye stesheni. Kituo cha mwendokasi kina kuta, kina mlango, na hapaingii mtu pasipo kupita getini. Vituo vya treni za jiji vingi ni kipande cha ardhi kando ya reli, wazi pande zote, mbuzi na mtoto wa shule wakipita watakavyo. Tena nauli ya treni yaweza kupimwa kwa umbali; hapo abiria hana budi kugusisha kadi anapopanda na anaposhuka. Akisahau kugusisha anaposhuka, mashine haijui ameshukia Karakata au Pugu.

London waliyapitia haya. Kadi yao iitwayo Oyster ilianza mwaka 2003 katika treni za chini ya ardhi na mabasi, lakini treni nyingi za vitongojini, zilizokuwa mikononi mwa makampuni mbalimbali, hazikuipokea kwa nauli ya safari moja moja mpaka Januari 2010. Miaka saba! Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya kugawana mapato, si juu ya ufundi. Na aliyesahau kugusisha alitozwa nauli ya juu kabisa. Sisi twasema mapema kwamba adhabu ya namna hiyo isiletwe Gongo la Mboto. Pasipo na geti wala taa, kosa la kusahau si la abiria peke yake. Ni afadhali nauli moja ya treni kwa umbali wote, na mkaguzi apite ndani ya behewa na mashine ya mkononi.

Wala si lazima kwenda Ulaya kwa mifano. Nairobi, Serikali iliamuru matatu ziache kupokea fedha taslimu kuanzia Julai 2014. Zikaletwa kadi za makampuni mbalimbali, na makondakta wakaendelea kupokea fedha mkononi mpaka amri ikafa kimya kimya. Lagos walifanya vingine. Kadi yao iitwayo Cowry ilikuwa imekwisha kuzoeleka katika mabasi, na treni ya njia ya buluu ilipofunguliwa kwa abiria Septemba 2023 ikapokea kadi hiyo hiyo. Mtu hakuambiwa anunue nyingine. Tofauti ya miji hii miwili yafaa iwekwe mezani pa kila mkurugenzi anayehusika.

Kuna jambo la fedha ambalo halisemwi sana. Kila aongezaye salio katika kadi amekopesha. Tuseme kadi laki moja zina shilingi elfu mbili mbili zisizotumika. Hizo ni shilingi milioni 200, mali ya makabwela, zimelala mahali fulani. Wapi, na kwa faida ya nani? Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imekwisha kuonyesha njia kwa fedha za simu, ambazo huwekwa katika akaunti ya amana. Fedha za kadi za nauli zilindwe vivyo hivyo, na aliyepoteza kadi arudishiwe salio lake bila kuzungushwa dirisha hadi dirisha. Na yule ambaye siku hiyo hana zaidi ya nauli ya kwenda, asizuiwe kupanda kwa sababu mashine inataka salio la ziada.

Wakatishaji tiketi nao ni wafanyakazi. Kazi ya kuuza kadi, kukagua behewani na kuwaelekeza wazee itahitaji watu. Wachukuliwe hawa wanaowajua abiria wao kwa sura, wafundishwe kabla mashine hazijafika.

Wakati nao umetulazimisha. Katika ghasia za Oktoba 2025 vituo vingi vya mwendokasi Barabara ya Morogoro viliharibiwa kwa moto. Kilichoungua chapasa kununuliwa tena kwa fedha za umma. Kama mashine mpya zitanunuliwa pasipo kuuliza kama zaweza kusoma kadi ya treni na ya kivuko, basi tutakuwa tumelipa mara mbili na kubaki pale pale. DART, Shirika la Reli, TAZARA na TEMESA wakae meza moja na LATRA, mpangaji wa nauli. TAZARA ni ya nchi mbili, yetu na Zambia, kwa hiyo mazungumzo yake yaanze mapema kuliko ya wengine.

Twaomba mambo yafuatane hivi: kwanza itangazwe nauli ya safari moja ya vyombo viwili na vitatu, wananchi waijue na kuijadili, ndipo zabuni ya mashine itolewe. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Bagamoyo ilipangwa kufika Tegeta, na Tegeta ni jirani wa Wazo. Siku mkazi wa huko atakapopanda basi hilo na kushuka mjini ashike treni, LATRA iwe imekwisha kumwambia ni shilingi ngapi.