Muziki yao, mizani yao

Wandugu, musicheke kwanza. Kuna disiki moja ya rock ya Uingereza, Western Culture, ya kundi Henry Cow. Haina mwimbaji, haichezeki dansi, na pigo lake linageuka-geuka. Kipande cha kwanza kinaitwa Industry, ni kusema kazi ya viwanda. Lakini sisi wa sendika tunaitaja juu ya sababu ingine.

Mbele, disiki za Henry Cow zilikuwa zinatoka kwa kampuni Virgin. Waliachana nayo. Mu mwezi wa 3, 1978, waliita London makundi mengine manne, ya Ubelgiji, Ufaransa, Italia na Uswidi, yenye wakubwa wa biashara ya disiki hawakutaka. Mwaka uleule walirekodi Western Culture mu Uswisi, na mu 1979 waliitosha wao wenyewe. Tena walikuwa wamekwisha kupatana kama kundi litavunjika. Hata vile, kazi walimaliza pamoja.

Na sisi je? Tunatosha madini na mikono yetu, halafu mnunuzi analeta mizani yake, anapima, anasema bei. Kila mtu ananung'unika peke yake, anarudi ku shimo. Koperative tuko nayo ku makaratasi. Mizani yake iko wapi?

Wale walikuwa wachache, na muziki yao watu wengi hawakuipenda. Sisi tuko wengi, na madini yetu dunia nzima inayataka. Basi tuchange, tununue mizani.