Mbwa Mgeni Anapokuta Wenyeji

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Mwanza, baba ndiye anayeleta mbwa, na mama ndiye anayeishi naye. Baba husikia kwamba wezi wamepita kwa jirani, au ana safari ya majuma mawili kwenda Ukerewe, basi jioni moja anaingia na mtoto wa mbwa ndani ya boksi na kusema, "Huyu atatulindia nyumba." Tunamshukuru, kwa maana anatufikiria. Lakini kesho yake asubuhi yeye huenda kazini, na sisi tunabaki na boksi, na paka amekwisha kupanda juu ya kabati akifoka, na kuku mwenye vifaranga amesimama mlangoni manyoya yamemsimama.

Wapenzi wasomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya mgeni huyu na wenyeji aliowakuta. Wengine wataona ni jambo dogo. Si dogo. Paka ndiye anayelinda dagaa na mchele wetu dhidi ya panya. Kuku ni akiba ya mama: ndani ya banda lake mna madaftari, sare ya shule, na nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali usiku. Na mbwa mwenyewe, akiua kuku mara mbili tatu katika mwezi wake wa kwanza, hukumu yake tunaijua: mnyororo mfupi maisha yake yote, au sumu. Mengi ya hayo huzuilika katika majuma machache ya mwanzo, nayo ni kazi inayomwangukia mama.

KABLA HAJAINGIA

Swali la kwanza ni umri. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza majuma manane. Mama yake na ndugu zake humfundisha mambo ambayo sisi hatuwezi kumfundisha, hasa kwamba kung'ata kwa nguvu kunaumiza. Tena, kati ya juma la tatu na kama la kumi na nne, akili yake iko wazi kupokea. Viumbe anaowaona kila siku wakati huo bila kuogopa, huwahesabu kuwa ni wa nyumbani. Ndiyo maana mbwa aliyelelewa miongoni mwa kuku tangu utoto mara nyingi huwapita kama anavyoyapita mawe ya uani.

Kama ni mbwa mkubwa anayetoka kwa mtu mwingine, tuulize waziwazi. Alikotoka kulikuwa na paka? Kulikuwa na kuku? Amewahi kuua? Jibu la kweli, hata likiwa baya, linatufaa kuliko sifa.

Swali la pili ni chanjo. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa dhidi ya magonjwa ya mbwa akiwa na majuma sita hadi manane, na chanjo hizo hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Paka naye achanjwe kichaa, kwa maana naye huumwa na yeye pia huuma. Kadi ya chanjo tuitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna mfano wa karibu. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa huko. Watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani, na katika miaka iliyofuata zikaanzishwa kampeni za kuwachanja mbwa hao. Ikiwa ugonjwa wa mbwa unaweza kuvuka mpaka wa hifadhi ukamwangusha simba, je, mbwa mzee aliyelala uani kwetu bila chanjo atapona vipi kwa mgeni aliyeletwa na boksi?

Swali la tatu ni minyoo, viroboto na kupe. Mgeni apewe dawa ya minyoo na asafishwe kabla hajachanganyika na wengine. Hapa tuwe waangalifu sana. Dawa ya kupe ya ng'ombe, na hata baadhi ya dawa za unga za mbwa, zinaweza kumuua paka, maana paka hujilamba mwili mzima. Tusinunue dawa kwa kusikia tu kwamba jirani aliitumia. Tumwulize mtaalamu wa mifugo, tena tumwambie wazi kwamba nyumbani kuna paka.

SIKU ZA KWANZA

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa, siku tatu za kwanza asipewe jembe lolote. Atengewe mahali pake: kona ya stoo, chumba cha nje, au sehemu ya uani iliyozungushiwa mbao. Awe na maji, gunia la kulalia, na utulivu. Watoto waambiwe kwamba mgeni amechoka na safari, wasimpitishe mkono kwa mkono.

Wakati huo wanyama wajuane kwa harufu kabla ya kuonana. Chukua kitambaa alicholalia paka ukiweke penye gunia la mbwa, na cha mbwa ukiweke anapolala paka. Wape chakula kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Paka atakapokula bila kuacha kila anaposikia mikwaruzo ya upande wa pili, tumepata hatua.

Ndipo waonane. Mbwa afungwe kamba shingoni, na kamba iwe mkononi mwa mtu mzima. Paka aachwe huru, awe na mahali pa juu pa kukimbilia: kabati, ukuta, au jiwe kubwa, na mawe makubwa Mwanza hatuyakosi. Tusimbebe paka mikononi kumpelekea mbwa. Akishtuka atatupasua mikono na uso, na mkutano utaharibika. Tutazame dalili. Paka akilaza masikio na kutunisha mkia, umbali hautoshi, tumrudishe mbwa nyuma. Mbwa anayebweka na kurukaruka mara nyingi anataka mchezo. Wa kuhofiwa zaidi ni yule anayekaza mwili, akanyamaza, akamkodolea paka macho bila kupepesa. Huyo tumtoe mara moja, tujaribu tena kesho kwa umbali mkubwa zaidi.

Dakika tano zatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Mbwa akigeuza uso kutoka kwa paka akatutazama sisi, tumpe kipande kidogo cha chakula na neno jema papo hapo. Jambo moja lisiruhusiwe hata mara moja: kumkimbiza paka. Watoto hucheka, na mbwa huona amesifiwa. Mchezo wa kukimbiza ukishamwingia, kuutoa ni kazi ya miezi.

Na tusimsahau mwenyeji. Paka aliyekuwa akilala karibu na jiko aendelee kulala karibu na jiko. Mwenyeji akinyang'anywa nafasi yake, huhama, na siku moja tutasikia yuko kwa jirani.

KUKU NA VIFARANGA

Kwa kuku, kamba ile ile ifanye kazi. Asubuhi tunapomwaga pumba au mtama, mbwa akae kando amefungwa kamba, atazame, na apewe chakula chake kwa kukaa kimya. Tufanye hivyo kila siku kwa majuma mawili au matatu kabla ya kumwacha huru, na hata hapo tuwe tunamwona. Kuku mwenye vifaranga tumwachie nafasi. Akimdonoa puani mtoto wa mbwa mara moja, amemfundisha somo ambalo sisi tungelisema mwezi mzima. Lakini tusimwache mbwa mkubwa na vifaranga peke yao hata kama anaonekana mpole. Usiku kuku wafungiwe bandani.

Tunapochinja, mbwa awe mbali. Hatuoni sababu ya kumzoesha matumbo mabichi, vichwa na mayai yaliyovunjika, kisha tukashangaa akiyatafuta mwenyewe.

Kifaranga kikipotea, tuchunguze kabla ya kuhukumu. Mwewe, kicheche na kenge nao wanakula uani kwetu. Na tukimkuta kweli mbwa na kuku aliyekufa, kumchapa baada ya saa nzima, au kumfunga kuku huyo shingoni kama wengine wafanyavyo, hakumfundishi kitu. Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na kosa la asubuhi. Anachojifunza ni kumwogopa mwenye fimbo. Turudi kwenye kamba, tuanze upya.

Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, wasikutanishwe kwanza mlangoni, maana hapo mwenyeji analinda chake. Wakutane njiani, kila mmoja na mtu wake na kamba yake, watembee pamoja kidogo, kisha waingie wote uani.

SAHANI

Ugomvi mwingi wa wanyama huanzia kwenye sahani. Kila mmoja awe na chombo chake na mahali pake; cha paka kiwe juu ambako mbwa hafiki. Mtoto asimsogelee mbwa anayekula, wala asimnyang'anye mfupa, hata kama ni mbwa waliyekua naye.

Chakula cha mbwa wa Mwanza tunakijua: ugali na dagaa, au mapanki ya sangara. Vinafaa, ila vipikwe. Dagaa wasiwe na chumvi nyingi, na mapanki tuyachambue, kwa sababu miiba mirefu hukwama kooni. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikawa na ncha kali, tusimpe. Mbwa aliyeshiba ana sababu chache za kutamani vifaranga.

Wako wanaosema mbwa wa ulinzi alishwe pilipili na afungwe mchana kutwa ili awe mkali. Pilipili humchoma tumbo tu. Na mbwa anayeshinda kwenye mnyororo hana njia ya kujifunza nani ni wa nyumbani. Siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kuumia ni kuku, paka na watoto wanaopita. Mlinzi mwema ni yule anayewajua wake, ndipo atamjua asiye wao. Tena Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama.

AKIUMA

Katika siku hizi za kuzoeana, mtoto anaweza kuumwa au kukwaruzwa. Hapa hatubahatishi. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndiye chanzo cha kichaa kwa binadamu katika visa 99 kati ya 100, na wanaoumwa wengi ni watoto. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni dogo. Tusipake majivu, mafuta wala dawa ya majani. Siku hiyo hiyo mtoto apelekwe kituo cha afya, na tueleze kama mbwa amechanjwa au la. Mbwa asiuawe kwa hasira. Kama inawezekana bila hatari, afungiwe na atazamwe kwa siku 10, na afisa mifugo apewe taarifa. Anayeonyesha dalili za kichaa, au mbwa wa mtaani asiyejulikana, tusimkaribie.

Mwaka 1885 mama mmoja alisafiri kutoka Alsace hadi Paris na mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Akamfikisha kwa Louis Pasteur, mtoto akachomwa sindano mfululizo, akapona. Mama yule hakungoja kuona dalili. Na hadi leo iko hivyo: sindano zikitolewa mapema humwokoa mtoto, lakini dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

SUBIRA

Mtoto wa mbwa na paka kijana wanaweza kuzoeana ndani ya majuma mawili. Paka mzee anaweza kuchukua miezi, na wako ambao hawatakuwa marafiki kamwe, bali watapishana uani kwa heshima. Hilo nalo ni amani, tulipokee. Tusipange tarehe ya urafiki wao. Tuangalie kama kila mmoja anakula, analala na anapita bila hofu.

Na huyo baba aliyeleta boksi, tumwombe jambo moja. Kila jioni arudipo, ashike ile kamba kwa dakika 10 wakati kuku wanaingia bandani. Mbwa atajifunza sheria moja kutoka kwa watu wawili, na mama atapata nafasi ya kugeuza ugali bila kutazama nyuma.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia nyumba zenye amani.