Foleni ya Kigongo Imekwisha, Soko Lisife

Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Daraja hilo lina urefu wa kilomita 3. Msafiri aliyekuwa akingoja kivuko kwa saa nzima, na mara nyingine zaidi, sasa huvuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache bila kushuka garini. Hakuna mwananchi wa Kanda ya Ziwa asiyelipongeza jambo hili.

Hata hivyo, kila maendeleo huja na hesabu yake. Foleni iliyokuwa kero kwa msafiri ilikuwa riziki kwa mama muuza samaki wa kukaanga, kwa kijana wa matunda na kwa muuza michembe. Kivuko kilimletea mnunuzi hadi mlangoni, kikamshusha na kumwacha angoje mpaka njaa imshike. Leo mnunuzi yule yule anapita kwa mwendo wa gari. Swali lililo mbele yetu ni hili: mfanyabiashara mdogo atampata wapi mnunuzi ambaye hasimami tena?

Wapo wanaojibu upesi kwamba atampata katika mitandao ya kijamii. Jibu hilo si baya. Tangu Ndugu Issa Michuzi, mpiga picha mashuhuri, alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, Watanzania wameona jinsi kurasa za intaneti zinavyoweza kubeba habari na matangazo ya biashara kwa pamoja. Baadaye zikaja Facebook, Instagram na WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2018 ina programu maalumu kwa wafanyabiashara wadogo. Muuzaji huweka humo picha za bidhaa zake, bei na saa za kazi, bila kulipia ukurasa. Kwa chombo hicho, mwanamke wa Kigongo anaweza kumwonyesha sato wake mwenye hoteli wa Shinyanga kabla jua halijawa kali.

Kwa ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome jambo hili lina uzito zaidi. Kwao barabara ya kupitisha wanunuzi haikuwapo tangu mwanzo. Mwanikaji wa dagaa hungoja wakala afike mwaloni, na wakala huyo ndiye anayekuja na bei mfukoni. Asiyejua bei ya siku hiyo katika soko la Mwaloni, Kirumba, hana la kubishania. Simu inaweza kuvunja ukiritimba huo wa habari hata kabla ya kuuza gunia moja.

Lakini tusidanganyane. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitungwa zama ambazo mnunuzi alishika bidhaa kwa mkono, akainusa, akaionja. Katika simu, kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, na vyote vinapendeza. Dagaa walioanikwa juu ya chanja na dagaa walioanikwa mchangani hufanana katika picha. Tofauti yao hujulikana mdomoni. Mnunuzi wa Dodoma atakayetafuna mchanga mara moja hatarudi, na habari hiyo ataisambaza katika mitandao ile ile iliyomleta.

Isitoshe, nchi yetu imekwisha kuchoshwa na matapeli wanaotuma ujumbe wa kumtaka mtu apeleke fedha kwa namba nyingine. Mnunuzi aliye mbali ana haki ya kuogopa. Katika biashara ya aina hii lazima mmoja atangulie kuamini, ama mwenye fedha au mwenye mzigo. Kwa hiyo tangazo humwita mnunuzi mara ya kwanza tu. Kinachomrudisha ni uaminifu wa kipimo, ubora na ahadi.

Jambo hili si geni katika historia ya mkoa wetu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakulalamika kila mtu kivyake. Walijiunga, wakasimamia vipimo vyao wenyewe, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Nguvu yao ilitokana na mzani wa haki na jina moja linaloaminika. Mahitaji ya biashara ya simu ni hayo hayo.

Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba wafanyabiashara wa Kigongo, na wa kila mwalo visiwani, wasitawanyike katika kurasa mia moja zisizojulikana. Mwalo uwe na kikundi kimoja kilichosajiliwa, ukurasa mmoja, mzani mmoja uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na namba ya malipo yenye jina la kikundi, si la mtu binafsi. Achaguliwe kijana mmoja wa kujibu wateja kila siku. Atakayechanganya dagaa na mchanga awajibishwe na wenzake, kwa kuwa atakuwa amechafua jina la wote.

Kwa watendaji wa Serikali tunayo maneno matatu.

La kwanza ni mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sehemu ya mikopo hiyo ielekezwe kwenye chanja, mizani na vifungashio, na SIDO ishirikishwe kutoa mafunzo. Hakuna faida ya kumfundisha mtu kupiga picha nzuri ya bidhaa ambayo haijawa nzuri.

La pili ni tozo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe takriban shilingi milioni 2.1 kwa maombi, leseni na ada ya mwaka. Baadhi ya blogu ndogo zilishindwa, zikafungwa, na nafasi za matangazo zikapotea pamoja nazo. Mwaka 2022 masharti yalilegezwa, na tunaipongeza Serikali kwa hatua hiyo. Funzo lake lisisahauliwe: mche usikatwe kwa haraka ya kutafuta kuni.

La tatu ni uhakika wa mawasiliano. Intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, mfanyabiashara aliyeweka duka lake lote katika simu hakuwa na mlango wa kufungua, na samaki hasubiri. Wenye mamlaka wanapopima masuala ya usalama, hasara ya mwananchi huyu nayo iwekwe mezani na ihesabiwe.

Wafanyabiashara nao wana wajibu wa kujihadhari. Facebook, Instagram na WhatsApp zina mwenye nyumba mmoja, kampuni ya Meta ya Marekani. Tarehe 4 Oktoba, 2021, zote tatu zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita. Mpangaji mwenye busara huweka akiba nje ya nyumba ya kupanga. Kila kikundi kiwe na daftari la majina na namba za wateja wake, ili mtandao ukikatika bado waweze kupigiwa simu ya kawaida.

Daraja limejengwa kwa fedha za wananchi, na magari yanapita. Kazi iliyobaki ni kuyafanya yasimame Kigongo kwa hiari, kwa sababu abiria ameagiza samaki wake tangu akiwa Geita, na anajua kwamba atamkuta akiwa na uzito ule ule alioahidiwa.