Mashine Inapokosoa Programu: Nani Mwenye Uamuzi?

Wengi wanapoinua simu ya mkononi kupiga picha hudhani kwamba kazi yote hufanywa na kamera. Hali sivyo ilivyo. Kati ya kidole kinachogusa kioo na picha inayotokea pana mlolongo mrefu wa programu, na mojawapo, ambayo mtumiaji haioni kabisa, ndiyo inayowasiliana na kamera yenyewe. Programu hiyo huitwa kiendeshi. Siku hizi viendeshi hukaguliwa na mashine pamoja na watu, na mashine huandika maoni juu ya kila mstari inaoutilia shaka. Hapo ndipo linapozuka swali lipasalo kujibiwa na kila mwenye kufundisha au kujifunza kompyuta: mashine ikisema kwamba pana kosa, nani mwenye kuamua kama kosa lipo?

Jibu linaloweza kutetewa ni hili: neno la mashine ni swali, wala si hukumu, na mtu anayetia sahihi ndiye mwenye wajibu wa kulijibu.

KIINI NA KIENDESHI

Kila kompyuta, na simu pia, ina programu kuu inayogawa kumbukumbu, muda na umeme kwa programu nyingine zote. Programu hiyo huitwa kiini. Kiini kimojawapo kinachotumika sana duniani ni Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Simu za Android, zilizoenea mijini na vijijini katika Afrika Mashariki, hutumia kiini hicho. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta la kufanya, uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kupendekeza marekebisho.

Kiendeshi cha kamera hufanya kazi ndani ya kiini. Huiwashia kamera umeme kwa utaratibu uliowekwa na kiwanda, huisubiri kwa milisekunde kadhaa iwe tayari, huandika namba katika rejista zake ili kuweka ukubwa wa picha na muda wa kupokea mwanga, kisha huipokea picha. Kwa kuwa kiko ndani ya kiini, kosa lake haliishii katika picha mbaya. Programu ya kawaida ikikosea, aghalabu hufungwa peke yake. Kiini kikikosea, chombo kizima chaweza kuzimika, au kufunguka mbele ya mtu asiyestahili kukifungua.

MAGUNIA YASIYO NA ALAMA

Ukweli wa jambo hili ulidhihirika katika kiendeshi cha Linux cha kamera zinazounganishwa kwa njia ya USB. Kamera ya namna hii, mara inapochomekwa, hujieleza: hutaja aina za picha inazoweza kutoa na vipimo vyake. Kiendeshi huyapitia maelezo hayo mara mbili. Mara ya kwanza huhesabu, ili kitenge nafasi ya kutosha katika kumbukumbu. Mara ya pili huijaza nafasi hiyo. Kasoro ilikuwa kwamba maelezo ya vipimo yasiyotajwa aina yake hayakuhesabiwa katika mara ya kwanza, lakini yaliweza kuandikwa katika mara ya pili.

Mfano wake ni karani wa ghala anayehesabu magunia yenye alama tu, akatenga chumba kinachotosha hesabu hiyo. Kisha wachukuzi wakaingiza magunia yote, yenye alama na yasiyo na alama. Yanayozidi huangukia chumba cha jirani. Katika kompyuta, chumba cha jirani ni kumbukumbu ya kazi nyingine, na mtu mwerevu mwenye nia mbaya aweza kutengeneza kifaa kinachojifanya kamera, akachagua maandishi ya kuangukia humo.

Kasoro hiyo iliingia katika kiini mwaka 2008. Ilisahihishwa mwishoni mwa mwaka 2024, ikapewa namba CVE-2024-53104. Sahihisho lenyewe lilikuwa sharti moja dogo lililoongezwa katika msimbo. Mwezi Februari 2025 Google ilitangaza sahihisho hilo kwa simu za Android, ikaeleza kwamba zilikuwapo dalili za kasoro hiyo kutumiwa dhidi ya watu wachache waliolengwa. Mwezi huo huo shirika la Amnesty International lilieleza jinsi simu ya mwanafunzi mwanaharakati nchini Serbia ilivyofunguliwa kwa kutumia kasoro za viendeshi vya USB, na kasoro hii ilikuwa miongoni mwake.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa msimbo ulikuwa wazi, wakaguzi walikuwapo, programu za ukaguzi zilikuwapo, na neno likaharibika kwa miaka 16. Wingi wa macho haufai kitu iwapo kila jicho linadhani kwamba jingine limekwisha kutazama. Mashine inapoongezwa katika safu ya wakaguzi, hatari hiyo haipungui yenyewe. Yaweza hata kuongezeka, kila mtu akisema moyoni kwamba mashine imekwisha kupita.

FAIDA YA MASHINE

Isidhaniwe kwamba ukaguzi wa mashine ni jambo jipya au lisilo na faida. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa maabara za Bell nchini Marekani aliieleza programu yake iitwayo Lint, inayotafuta makosa katika programu zilizoandikwa kwa lugha ya C. Torvalds naye alitunga Sparse mwaka 2003 kwa ajili ya kiini cha Linux. Siku hizi zimeongezeka programu za akili bandia, zinazosoma msimbo na kutoa maoni kwa sentensi kamili, mithili ya mwalimu anayesahihisha insha.

Kuna makosa ambayo mashine huyaona vizuri kuliko mtu. Katika Linux ipo amri ya kuamsha kifaa kilicholala. Amri hiyo huongeza moja katika hesabu ya watumiaji wa kifaa, hata pale kifaa kinaposhindwa kuamka. Katika viendeshi kadhaa, vya kamera vikiwamo, jibu la kushindwa lilipokuja kazi ilikatizwa bila hesabu kupunguzwa. Kiini kikabaki kikidhani kwamba kamera inatumika, na kifaa kisingeweza kulala tena. Jicho la mwanadamu hulipita kosa la namna hiyo kwa urahisi, kwa maana limejificha katika njia isiyopitwa mara kwa mara. Mashine haichoki kuifuata kila njia. Mwaka 2020 iliongezwa amri nyingine, ambayo hurudisha hesabu yenyewe pale kifaa kinaposhindwa kuamka, na viendeshi vingi vya kamera vikabadilishwa ili viitumie.

MIPAKA YAKE

Pamoja na hayo, mashine ina mipaka ya aina mbili. Wa kwanza ni wa hisabati. Mwaka 1936 Alan Turing wa Uingereza alionyesha kwamba yapo maswali juu ya mwenendo wa programu ambayo hakuna utaratibu wa kimashine uwezao kuyajibu kwa kila programu. Mwaka 1953 Henry Gordon Rice wa Marekani alilipanua jambo hilo hadi karibu kila swali lenye maana juu ya kile programu inachotenda. Kwa hiyo mkaguzi wa mashine hana budi kuchagua hasara: ama atapita makosa mengine bila kuyaona, ama atapiga kelele mahali pasipo na kosa, au mara nyingine atasema hajui.

Mpaka wa pili ni wa maarifa. Mashine yaweza kuonya kwamba kiendeshi kinaandika katika kamera namba iliyotoka kwa mtumiaji bila kuipima. Onyo hilo laonekana la haki kwa anayesoma faili hiyo peke yake; lakini katika Linux namba za namna hiyo hupimwa na sehemu nyingine ya kiini kabla hazijafika kwa kiendeshi. Kadhalika, kiwanda kikiagiza kwamba kamera isubiriwe milisekunde 5 na mtunzi akaandika 2, msimbo wenyewe hauna dosari yoyote ya kuonekana. Kosa liko katika tofauti kati ya msimbo na kitabu cha kiwanda, na asiyekifungua kitabu hawezi kuliona.

Akili bandia haijaiondoa mipaka hii. Mwaka 2025 mtafiti mmoja aliipa programu ya aina hiyo, mara 100, sehemu ya msimbo wa Linux iliyokuwa na kasoro aliyokwisha kuijua. Iliigundua mara 8. Hata hivyo, katika kazi hiyo hiyo, programu ilimwonyesha kasoro nyingine ya kweli ambayo hakuwa akiijua. Matokeo yote mawili ni ya kukumbukwa pamoja: anayeidharau mashine angaliikosa kasoro mpya, na anayeiamini bila kupima angalipotezwa na majibu mengi ya uongo. Ugumu ni kwamba jibu la kweli na la uongo huandikwa kwa ufasaha ule ule.

Wapo wasemao kwamba wakaguzi ni wachache, muda ni mfupi, na kwamba ni heri kukubali kila pendekezo kwa kuwa tahadhari haidhuru. Hoja hii haina nguvu. Katika mfano wa hesabu ya watumiaji, mtu akiweka amri mpya na kuacha mstari wa zamani wa kupunguza, hesabu hupungua mara mbili, na kamera yaweza kulazwa ingali kazini. Onyo lilikuwa la kweli. Dawa iliyotumiwa bila kueleweka ikaleta ugonjwa mwingine.

Ndiyo maana utaratibu wa Linux unastahili kusifiwa. Tangu mwaka 2004 kila rekebisho huja na jina la mtu anayethibitisha kwamba ana haki ya kulitoa; na miongozo yake juu ya akili bandia inakataza mashine kutia sahihi hiyo. Mtu ndiye anayepaswa kuukagua msimbo uliotoka kwa mashine na kuubeba wajibu wake wote.

WAJIBU WA SHULE

Mafunzo ya kompyuta shuleni aghalabu humfundisha mwanafunzi kuandika programu, na ni mara chache kumfundisha kuisoma ya mwenzake na kuihukumu. Kwa kuwa mashine sasa zaweza kuandika, kusoma na kuhukumu ndiko kutakakobaki mikononi mwa mtu. Zoezi lake halihitaji hata kompyuta. Ubao na chaki vyatosha.

Mwalimu aandike hatua za kutafuta wastani wa alama za darasa: jumlisha alama, hesabu wanafunzi, gawanya. Kisha aandike chini yake maoni ya mashine: “Idadi ya wanafunzi yaweza kuwa sifuri, ikiwa hivyo, weka wastani kuwa 0.” Wanafunzi waulizwe mambo matatu. Je, onyo ni la kweli? Ni la kweli, isipokuwa kama hatua ya awali imekwisha kulikataa darasa lisilo na mtu. Je, dawa inafaa? Haifai, kwani darasa lisilofanya mtihani litafanana na darasa lililopata sifuri tupu. Je, dawa bora ni ipi? Ni kutoa taarifa kwamba wastani haupo. Kila jibu liandikwe pamoja na sababu yake, na alama zitolewe kwa sababu, si kwa ndiyo au siyo.

Mwanafunzi aliyezoea zoezi hilo, akipewa kesho maoni 40 ya mashine juu ya kiendeshi cha kamera, hatayakubali yote kwa woga wala kuyatupa yote kwa kiburi. Atayapima moja moja, atakifungua kitabu cha kiwanda, na ataandika jina lake chini ya kile alichokielewa tu.