Nauli ya Mwimbaji

Juzi barazani, kwenye kahawa, mstaafu mwenzangu alitoa hukumu ambayo nimeisikia mara nyingi vinywani mwa watu waliosoma: ati wanamuziki wetu wa dansi walikufa maskini kwa sababu ya pombe na wanawake. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nami nilinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikonishikisha kalamu.

Mwaka 1996 niliondolewa katika ukuu wa shule ya sekondari, nikapelekwa kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu upande wa pili wa Jiji la Dar es Salaam. Barua ilisema ni uhamisho wa kawaida. Mtaani walisema nimeshushwa. Nyumba ya shule tukairudisha, tukapanga vyumba viwili Mbagala, na mtu aliyezoea kutembea hatua mia moja hadi ofisini akaanza kugombea kipanya alfajiri, shingo imekunjwa chini ya bati, mkoba kifuani. Ukuu haupandi daladala, msomaji wangu. Konda alinisukuma ndani kama gunia la mkaa.

Lakini kipanya kile kilikuwa na redio ya kanda, na dereva alikuwa mpenzi wa Mlimani Park na wa Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995. Sizungumzii burudani. Iko asubuhi moja niliyodhamiria kushuka katikati ya njia, nirudi nyumbani nikaandike barua ya kuacha kazi. Sauti ya marehemu yule ikaniweka kitini mpaka kituo cha chuo. Nilishuka, nikafundisha.

Sasa tupige hesabu. Nauli yangu ilimlisha konda, dereva, mwenye gari na muuza petroli. Kanda ilikuwa imerudufiwa dukani Kariakoo, na mwenye duka alipata chake. Mwimbaji alipata nini kutokana na kanda ile? Hata senti. Nami, niliyekuwa nikiwafunza walimu watarajiwa maadili ya kazi, nilinunua kanda tatu za namna hiyo hiyo na kuifurahia bei. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966; ikaja nyingine mwaka 1999, na baadaye COSOTA. Hakuna hata moja niliyopata kuiona ndani ya kipanya. Asante ya punda ni mateke. Sisi abiria tuliongeza na masengenyo.

Wataniambia kwamba kupigwa ndani ya gari kulikuwa tangazo kwa mwanamuziki. Vema. Mbona mwenye daladala hakumwambia muuza petroli kwamba anamtangazia petroli yake, kwa hiyo ajaziwe tangi bure?

Ama kuhusu pombe, nimeongoza walimu kwa miaka mingi. Walevi walikuwamo, tena wengine hodari wa kufundisha kuniliko mimi. Mwisho wa mwezi walitia sahihi wakachukua mshahara, wala hakuna mhasibu aliyewauliza wamelala wapi. Kwa nini basi tabia ya mwimbaji iwe sababu ya kutomlipa? Mwaka 2012 Serikali ilimtunuku Marijani nishani, miaka 17 baada ya kifo chake. Siibezi heshima hiyo. Nasema tu kwamba nishani hainunui unga, na marehemu hali.

Yule mstaafu mwenzangu simlaumu peke yake. Nikiwa mkuu wa shule nilimnyang'anya kijana wa kidato cha tatu gitaa lake, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba muziki ni kazi ya wahuni. Alimaliza shule bila kulidai. Siku ya kukabidhi ofisi, mwaka ule ule wa 1996, nilililikuta stoo nyuma ya majembe, nyuzi zote sita zikiwa kamili. Katika hati ya makabidhiano niliandika kwa mkono wangu: gitaa 1, bovu.