Kutua Mzigo

Mama yangu ana kipimo chake cha ugonjwa: ukiweza kutafuna matobolwa, umepona, ukishindwa, rudi kitandani. Siku ya tano baada ya kung'olewa magego mawili ya mwisho upande wa kulia, la juu na la chini, nilikaa chini ya mwembe nyumbani Tabora, nikachukua kipande cha kiazi kile kilichochemshwa na kuanikwa hadi kikawa kama ngozi, nikakiuma kwa upande wa kushoto. Taya likagoma. Mama akaniangalia, akaingia ndani kuniletea uji.

Simu ikalia. Ujumbe kutoka ofisini: "Kaka, upo fiti? Kesho kuna safari ya Kigoma."

Nikajibu kwamba daktari amenipa ED ya siku kumi. Haikupita dakika ukaja ujumbe wa pili: "Jino tu?"

Sikuujibu siku ile. Nimeamua kuujibu hapa, kwa sababu naamini kila anayesoma ukurasa huu amewahi kuulizwa swali hilo. Malaria tu? Mgongo tu? Msiba wa shangazi tu?

Nianze na jino lenyewe. Gego la mwisho huja wakati taya limeshajaa. Likikosa nafasi hulala upande, likisukuma jirani yake, na kulitoa maana yake ni kukata ufizi, pengine kuchonga mfupa na kulivunja jino vipande vipande, kisha kushona. Ganzi huisha baada ya saa chache. Uvimbe hukua hadi siku ya pili au ya tatu. Shimo linalobaki hulindwa na damu iliyoganda tu, na damu hiyo ikitoka mapema mfupa hubaki wazi. Maumivu yake huanzia taya yakapanda hadi sikioni. La juu lina hatari yake ya pekee: mizizi yake hukaribiana na uwazi wenye hewa ulio nyuma ya shavu. Ndiyo maana daktari alinikataza hata kupenga kamasi kwa nguvu.

Sasa mchukue mtu huyo umpandishe angani. Ndege ninayorusha ni Cessna Caravan. Ina injini moja, viti vichache, na haina mfumo wa kushindilia hewa ndani kama ndege kubwa. Tukipanda futi elfu kumi, miili yetu nayo imepanda futi elfu kumi. Hewa iliyonaswa mwilini hutanuka tukipaa na kusinyaa tukishuka. Dawa kali za maumivu zingenituliza, lakini baadhi yake humfanya mtu asinzie, na huwezi kurusha ndege ukiwa umezimeza. Kwa hiyo rubani mwenye jeraha ana njia mbili tu: aruke na maumivu, au akae chini.

Najua njia ya kwanza inavyokuwa, kwa sababu niliwahi kuifuata. Miaka miwili kabla ya siku ile ya matobolwa, niling'olewa gego la chini kushoto. Siku ya tatu nilirudi kazini. Hakuna aliyenishikia fimbo. Niliulizwa tu kama niko fiti, nikasema niko fiti, nikasifiwa kwamba mimi ni jembe. Tulipaa Tabora asubuhi, tukaiacha Urambo, tukavuka mabwawa ya Malagarasi, Uvinza ikabaki nyuma. Tulipoanza kushuka kuelekea ziwani, shimo lile likaamka. Nakumbuka vizuri kwamba niliacha kusikia. Sauti ya redioni iliniita mara mbili, na ya pili ilikuwa imeshapandwa na wasiwasi. Niliandika namba niliyopewa, nikaisoma vibaya, nikasahihishwa. Mikono ilifanya kazi kwa mazoea, tukatua salama. Nyuma yangu kulikuwa na mama aliyembeba mtoto mchanga, aliposhuka alinishukuru. Mimi peke yangu nilijua kwamba kwa dakika chache ndege ile ilikuwa na taya linalouma tu, haikuwa na rubani.

Sheria haikuwa upande wangu siku ile. Kiambatisho cha kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa kanuni za usafiri wa anga duniani, kinamkataza mwenye leseni kufanya kazi pindi anapojua kwamba afya yake imepungua kiasi cha kumzuia kuifanya kwa usalama. Tazama neno hilo: anapojua. Hakuna daktari anayesimama mlangoni mwa ndege kila asubuhi. Hukumu imeachwa kwa rubani mwenyewe. Ni heshima kubwa, lakini ni heshima inayoweza kununuliwa.

Bei yake ni hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ukiisoma unajiona umelindwa. Kisha fungua hati yangu ya malipo. Mshahara wa msingi ni mdogo. Kinacholipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto ni posho ya saa za kuruka. Usiporuka, hakuna saa. Pasipo saa, hakuna posho. Nikiugua siku kumi, kwenye karatasi nimelipwa kikamilifu, lakini mezani kwangu theluthi mbili ya kipato cha siku hizo haipo. Halafu naulizwa kwa upole, "Kaka, upo fiti?" Swali hilo limeshajibiwa na mwenye nyumba wangu.

Neno hilo posho lilipita hapa Tabora kabla ya ndege na kabla ya reli. Katika misafara ya Bagamoyo na Ujiji, posho ilikuwa chakula cha mpagazi njiani, au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi ile. Kijana aliyekuwa hajaiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Alibeba kilo thelathini hivi begani, pamoja na mkeka wake na chungu chake, miezi mitatu au zaidi kutoka pwani hadi hapa. Na sisi wajukuu tumefundishwa kujisifu kwa hilo. Kila mkubwa anayetaka nifanye kazi nikiwa mgonjwa hunikumbusha babu zangu. Rubani mmoja mkongwe aliniambia, "Mdogo wangu, sisi tuliruka na malaria. Ninyi Wanyamwezi mlibeba meno ya tembo hadi Bagamoyo, leo mnashindwa na jino moja?"

Nilicheka kwa heshima. Lakini mzee wangu amesoma nusu ya historia.

Desemba 1857 Richard Burton na John Speke waliondoka Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, kwenda Ujiji. Walikuwa wagonjwa wote wawili. Burton miguu ilikuwa imemkatalia. Speke alikuwa karibu kipofu, na uso wake ulipinda hata akawa anatafuna kwa upande mmoja, kama mimi na matobolwa yangu. Hata hivyo walifika ziwani Februari 1858. Burton hakufika kwa uvumilivu wake, alibebwa kwenye machela. Kiongozi akiugua, msafara ulimsubiri au ulimbeba. Mpagazi akiugua, mara nyingi mzigo wake uligawanywa, naye akaachwa njiani. Uvumilivu ulihubiriwa kwa yule tu ambaye hakuna angembeba.

Nusu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Wapagazi wale hawakuwa punda. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu yao: wamekataa kuondoka, wamedai posho kwanza, wametua mizigo njiani, wametoroka usiku. Wasafiri waliuita uvivu. Mimi nauita utaalamu. Mtu anayeishi kwa bega lake anajua bega linapokaribia kuvunjika, na anajua kwamba anayesema "bado kidogo tu" hajabeba kitu. Kwa hiyo mkitaka nimuenzi babu, nitamuenzi kwa kutua mzigo.

Najua jibu la ofisini. Kampuni ni ndogo, mafuta ni ghali, marubani ni wachache, na tukimlipa kila mgonjwa posho ya saa ambazo hakuruka, watu wataugua kila Ijumaa. Nakubali watakuwepo wadanganyifu. Lakini kuna uongo wa aina mbili: wa mzima anayesema anaumwa, na wa mgonjwa anayesema ni mzima. Wa kwanza unaigharimu kampuni siku moja. Wa pili unaweza kuigharimu ndege na kila aliye ndani yake. Mfumo wetu wa malipo unauogopa ule wa kwanza na kuulipa huu wa pili. Ninachodai hakihitaji tume wala semina: siku za ugonjwa zilizothibitishwa na daktari zilipwe kwa wastani wa kipato halisi cha miezi iliyopita, posho ikiwemo. Dereva wa basi la usiku anayelipwa kwa safari anakihitaji, na yeye huwabeba abiria wengi kuliko mimi.

Na wewe msomaji, unayeelekea kuwa msimamizi wa watu kama bado hujawa, una sehemu yako. Acha kumpigia makofi anayekuja kazini na kanula mkononi. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini methali hiyo ilimzungumzia anayesubiri tunda liive. Kurudi kazini kabla jeraha halijafunga ni kulichuma tunda bichi.

Siku ya kumi na mbili niliondoa kipande cha matobolwa kwenye ungo bila kuombwa. Nilikitafuna kulia, polepole, hadi mwisho. Mama hakusema kitu; alinifungashia asali. Mwezi ule nilichelewa kulipa kodi, nikamwomba mwenye nyumba anivumilie.

Kesho yake nilipaa kuelekea Kigoma. Juu ya Malagarasi redio iliniita mara moja, nikaitika.