Sindano safi, mikono je?

Kongo ya Kawangware, kama Kibera, maji hununuliwa kwa mitungi, kwa hivyo muuguzi asiponawa twamsamehe upesi. Mimi nasita. Utafiti uliotolewa 2017 na jarida la Shirika la Afya Duniani, uliofanywa Kakamega, Meru na Kilifi kwetu, ulichungulia vituo 935. Usalama wa sindano ulizingatiwa kwa asilimia 87. Kunawa mikono, asilimia 2.3. Vituo ni vile vile, uhaba ni ule ule! Sindano huletwa imefungwa tayari. Maji na sabuni muuguzi ajitafutie. Nasi tunaotawadha kwa kopo moja twajua maji machache hutosha. Mkaguzi akija, Kongo au Kilifi, aulize kwanza ndoo yenye bomba iko wapi, kabla ya leseni.